Mwisho wa Kitabu cha Tanuri

Zawadi hakunizungusha. Alinipigia simu asubuhi, nikiwa uani kwangu Kabambare napepeta mchele, na neno lake la kwanza lilikuwa hili: "Faida, Deziré amekufa. Amekufa leo mbele ya jua kutoka, mukono wake mu mukono yangu." Hakuniuliza kama nimekaa au nimesimama. Hakusema kwamba mgonjwa amezidiwa, ili niondoke haraka na habari yenyewe niipate njiani kidogo kidogo, kama tunavyofanya wengi huku kwetu, tukiamini kwamba kifo kikikatwa vipande kinamezeka. Alisema, akanisubiri. Nilikaa chini pamoja na ungo wangu. Deziré alikuwa mume wake kwa zaidi ya miaka ishirini, na kabla ya kuwa mume wake alikuwa rafiki yangu, mmoja wa watu wanne waliokuwa wanakula pamoja kila Jumamosi na kugombana juu ya watu ambao hawajawahi kuzaliwa. Kesho yake nilipanda pikipiki kwenda Kasongo. Nilimkuta Zawadi kwenye mkeka katikati ya wanawake wa kanisa, amevaa kitambaa cheusi alichokishona mwenyewe, na pembeni, upande wa wanaume, alikuwepo Saidi, wa nne wetu, amezeeka, amenyoosha mguu wake mbovu. Aliniita kwa kidole. "Mwalimu," akasema, "leo niliangalia watu hawa wote, na hakuna hata mumoja anajua vile hawa wawili walioana. Ni weye na miye tu." Nikamwambia ni kweli. "Basi andika," akasema. "Miye mukono yangu inatetemeka."

Naandika basi. Mwaka ule watu walikuwa wameanza kurudi. Vita vilikuwa bado havijawa hadithi ya kale, lakini soko la Kasongo lilikuwa limejaa tena, samaki wa moshi walikuwa wanafika kutoka Nyangwe, na shule moja ya sekondari ilikuwa imenipa kazi ya kufundisha Kifaransa katika madarasa yasiyo na milango. Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Nilipata chumba nyuma ya nyumba ya Zawadi, mshonaji, mwanamke aliyenizidi miaka sita au saba, ambaye mume wake, Musafiri, alikuwa amekwenda kuchimba dhahabu upande wa Salamabila na alikuwa hajaleta habari kwa miaka minne. Nyumba ilikuwa ya matofali ya kuchoma, na chumba chake cha mbele kilikuwa ndicho kiwanda chake: cherehani ya kukanyaga kwa mguu kando ya dirisha, vipande vya vitenge vilivyopangwa kwa rangi juu ya ubao, pasi ya makaa, na meza ndefu ya kukatia nguo ambayo mguu wake mmoja ulikuwa mfupi, ukawekewa tofali. Mlangoni kulikuwa na kiatu cha mwanamume, kimoja tu, ambacho Zawadi alikitumia kuzuia mlango usipigwe na upepo. Sikuwahi kumuuliza ni cha nani. Nikifumba macho leo naweza kuingia katika chumba kile na kuweka mkono juu ya kila kitu bila kukosea, wakati nyumba nyingine nilizoishi miaka kumi zimenipotea hata rangi ya kuta zake.

Mambo ya vitabu yaliletwa na Deziré. Alikuwa muuguzi katika kituo cha afya, mrefu, mpole, mwenye tabia ya kukohoa kidogo kabla ya kusema, kama anayeomba ruhusa. Wakati wa kukimbia alikuwa ameingia porini na katoni moja ya dawa, na chini ya dawa aliweka romani tano, yaani riwaya za Kifaransa. Dawa ziliisha, romani zikabaki. Alipojua kwamba nafundisha Kifaransa, alikuja na moja imefungwa katika bendeji, akanikopesha. Wiki ile ile Saidi, mfanyabiashara mwenyeji wa Uvira aliyekuwa anapeleka sabuni na vitenge kwenye machimbo, alisikia kwamba tunasoma, akatuletea nyingine mbili alizozipata kwa wachimbaji wa dhahabu, watu waliotoka Bukavu na kwingine, waliobeba vitabu na kuchoka kuvibeba. Hakuna kitabu hata kimoja kilichokuwa na jalada. Vingine vilikuwa vimepoteza ukurasa wa kwanza, kwa hiyo hatukujua majina yake wala nani aliviandika, tukavibatiza wenyewe: Kitabu cha Mapacha, Kitabu cha Hakimu, Kitabu cha Tanuri. Kila kimoja kilizunguka kwetu watatu, siku nne kwa kila mtu, na Jumamosi, ambayo huku kwetu tunaiita posho, saa kumi za jioni tulikutana kukizungumza. Tulikutana kwa Zawadi kwa sababu meza yake ndiyo ilikuwa kubwa, na kila mtu alileta chakula. Saidi alileta samaki, Deziré alileta ndizi au karanga alizopewa na wagonjwa, mimi nilileta mchele, na Zawadi alipika sombe, majani ya muhogo, kwa mawese na karanga za kusaga, akiipika taratibu juu ya mbabula, jiko la makaa, tangu saa nane, hata harufu yake ikawa inanitoa chumbani kabla ya kuitwa. Tulitawanyika Saidi aliposimama kwenda kuswali magharibi. Siku zile hakuna aliyependa kutembea gizani.

Mwanzoni Zawadi hakuwa mmoja wetu. Alikuwa amesoma mpaka darasa la nne. Alijua kusoma Kiswahili katika kitabu chake cha nyimbo za kanisa, akifuata kwa kidole, lakini Kifaransa hakukijua. Alipika, akala nasi, halafu akarudi kwenye cherehani yake wakati sisi tunabishana. Jumamosi ya tatu au ya nne, tulikuwa tunamsema mwanamke mmoja wa Kitabu cha Mapacha, aliyeficha barua ya dada yake, na Saidi alikuwa anamlaani kwa ukali. Cherehani ikasimama. Zawadi aligeuka na kusema, "Ule mwanamuke munamusema kila posho, anaishi mutaa gani? Sababu kama ni ule wa nyuma ya soko, miye namushonea." Tulicheka mpaka Deziré akamwaga maji. Yeye hakucheka. Alingoja tumalize, kisha akasema, "Basi mumoja wenu anielezee tangu mwanzo. Siwezi kukaa mu nyumba yangu na watu nasikia majina yao na siwajui." Nilijitolea mimi. Tangu siku hiyo, kila jioni baada ya kazi, nilikaa juu ya ubao wa vitenge na kumsimulia kwa Kiswahili kurasa nilizosoma, naye akikanyaga cherehani. Akifika mahali pa kunikatiza aliinua mguu.

Nimefundisha miaka mingi tangu wakati huo na sijapata mwanafunzi wa riwaya aliyekuwa kama yeye. Sisi watatu tulikuwa tunasema juu ya mwandishi, kwamba ameeleza vizuri au vibaya. Yeye alisema juu ya watu. Aliniuliza yule hakimu anakula nini asubuhi, na nilipomjibu kwamba kitabu hakisemi, alisema, "Aliyeandika hakumujua vizuri, kumbe." Aliweza kukaa na jambo moja wiki nzima. Siku moja Deziré alisema kwamba mmoja wa wale mapacha alikuwa mtu mwema, na Zawadi akamjibu kwamba mtu mwema hawezi kusikia ndugu yake analia chumba cha pili na kuendelea kufunga viatu. Deziré alikohoa, akafungua kitabu, akatafuta mahali pale, akasoma kimya, akasema, "Ni kweli. Anaendelea kufunga viatu. Sikuona." Nakumbuka alivyomtazama. Nilidhani anamheshimu tu. Nilikuwa msichana mwenye vitabu vingi kichwani na macho machache.

Kitabu cha Tanuri kilifika zamu yake katikati ya mvua. Kilikuwa habari ya mwanamke mwenye tanuri la mikate katika mji mdogo wa milimani. Mume wake anakwenda mbali kujenga daraja kubwa, anaahidi kurudi kabla ya baridi, na baridi inapita, na nyingine. Mwanamke anachoma mikate, anamtetea mbele ya watu, na mwishoni anafunga nyumba na kutembea siku nyingi kwenda kwenye daraja. Niliposimulia sura za kwanza Zawadi alikuwa bado anainua mguu na kuuliza. Baadaye akaacha kuuliza. Nilimwona anashona mkono wa blauzi mahali pa kola. Mimi nilikuwa nimekwisha kusoma mwisho: mwanamke anafika darajani, karani anafungua daftari kubwa na kulifunga, hakuna anayelikumbuka jina la mume wake, wala kwa uzima wala kwa kifo, na kesho yake anashika njia ya kurudi. Nilijua jioni inakuja ambayo nitalazimika kumwambia hivyo mwanamke huyu, nyumbani mwa Musafiri, na kiatu kile mlangoni. Jioni ilipofika nilifungua mdomo na uongo ukatoka wenyewe, laini kabisa, kana kwamba umeandikwa. Nilisema kwamba alimkuta mume wake katika hospitali ya wajenzi, amevunjika mguu, ameona haya kurudi nyumbani akiwa kilema. Nilisema walirudi pamoja. Zawadi aliinua mguu, akasema, "Alikuwa anaona haya." Akarudia tena, polepole, "Haya tu."

Nilikimbia kwa Deziré kabla ya Jumamosi kumwambia nilichofanya, na yeye akamwambia Saidi. Hakuna aliyenigombeza. Saidi alisema, "Iko sawa, inamufaa," na Deziré alikohoa tu. Jumamosi Zawadi alipika wali kwa mafuta, jambo la sikukuu, na kwa mara ya kwanza yeye ndiye aliyefungua mazungumzo. Aliketi kichwani pa meza na kuuliza kila mmoja kama anaamini mwanamume yule alikuwa anamfikiria mke wake siku zote zile. Saidi alisema anaamini, akajaza mdomo. Mimi nilisema naamini. Zawadi akamgeukia Deziré. "Na weye, Dokta? Weye haupendi kudanganya watu, hata wagonjwa." Nikiandika haya naona mikono ya Deziré juu ya meza, mikubwa, misafi, imelazwa kama ya mtu anayepimwa. Alisema, "Mutu anaweza kukawia na bado akarudi." Zawadi aliitikia kwa kichwa mara nyingi, ameridhika, na akampa kipande kikubwa cha samaki.

Wiki mbili baadaye alifunika cherehani kwa shuka na kumwambia Saidi kwamba safari yake ijayo ya Salamabila ataenda naye. Mtu mmoja kutoka Lusangi alikuwa amemwambia kwamba Musafiri ameonekana kule, mzima. Nilidhani ni uongo wangu unaompeleka. Shule ilikuwa imefungwa kwa mapumziko, nikasema ninakwenda pia, kwa kisingizio cha kumwona shangazi yangu Kabambare, ambapo tungelala njiani. Tulikwenda na piki mbili, Zawadi nyuma ya Saidi, mimi nyuma ya kijana wa Saidi wa mizigo, matope yakiturukia mpaka shingoni, na mara nne tuliteremka kusukuma. Zawadi alikuwa na furaha ambayo sijaiona kwake kabla wala baada ya hapo. Aliimba. Tulipopumzika chini ya michikichi alitoa ndizi alizokaanga na kutugawia, akaniambia, "Hata ule mwanamuke alitembea kwa miguu. Miye niko juu ya piki kama bibi ya shefu ya kijiji." Ndizi yangu nilimpa kijana wa mizigo.

Tulifika Kabambare jua bado lipo. Shangazi yangu, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita ng'ambo ya mto, alitupa maji ya moto ya kuoga na akatutengea bugali na lengalenga, mchicha wa kwetu, nyuma ya nyumba. Saidi alikuwa amekwenda kutafuta mafuta ya piki. Tulikuwa wawili tu, na nikasema. Nilimwambia, kwa jina tunalomwita dada mkubwa, "Yaya, mwisho wa Kitabu cha Tanuri si vile nilivyokuambia. Hakumkuta. Hakuna aliyemjua mume wake. Alirudi peke yake." Zawadi aliendelea kukanda tonge lake. Aliuliza, "Nani alitunga ile ya hospitali?" Nikasema ni mimi. "Ni weye peke yako ulijua?" Nikainamia sahani yangu, na hapo akapata jibu. Aliweka tonge chini.

"Ulifikiri niko naenda Salamabila juu ya kitabu?" akaniambia. Hakuinua sauti hata kidogo. "Miye najua kutenga kitabu na maisha yangu. Naenda sababu nimechoka kutojua. Ningeenda hata kama ule mwanamuke alikufa njiani. Pengine ningeenda mapema zaidi." Alinawa mkono. "Lakini ile posho nilikaa pale, nikawauliza mumoja mumoja. Munajua wote. Munaniangalia mu macho na munajibu. Nilifikiri siku ile nimekuwa mutu wa meza yenu, kumbe mulikuwa munamulisha mutoto." Nilisema nilimhurumia. "Ulinihurumia," akasema, "sawa. Nilikuuliza hadithi, ukanipa huruma. Sikuomba ile." Akasimama, akachukua sahani zote mbili, akampelekea shangazi jikoni, na nikasikia anamsifia lengalenga lake kwa sauti ya kawaida kabisa.

Salamabila ilikuwa mitaa ya maturubai na mbao, udongo mwekundu umegeuzwageuzwa kama shamba la nguruwe, watu wa kila lugha, muziki kutoka kila kibanda. Haikuchukua hata asubuhi moja. Mwanamke muuza chai alituonyesha. Musafiri alikuwa amekaa mbele ya nyumba ya mabati anafunga mpini wa sururu, mtu mwembamba, mzuri wa sura, na mlangoni alikuwepo mwanamke kijana ananyonyesha, na mtoto mwingine mkubwa kidogo ameshika nguo yake. Aliinua kichwa, akasema, "Zawadi. Umekuja." Saidi alipiga hatua mbele, lakini Zawadi alimzuia kwa mkono bila kumtazama. "Nimekuja kukuona," akasema. "Nimekuona." Musafiri alianza kueleza juu ya njia mbovu, juu ya vita, juu ya mtu aliyepewa barua. Zawadi alimwacha aseme mpaka maneno yakamwishia. Kisha alimsalimu yule mwanamke, akauliza jina la mtoto mchanga, akaomba maji ya kunywa. Yule mwanamke alimpa kwa mikono miwili, na Zawadi alikunywa yote, akarudisha kikombe, akashukuru. Tulipokuwa tunaondoka Musafiri aliita, "Nyumba je?" Zawadi aligeuka. "Nyumba ni ya matofali niliyolipia na sindano yangu. Watu wa kwenu nitawaambia uko muzima." Njia yote ya kurudi hakulia. Nililia mimi, na Saidi, ambaye hakuwa mtu wa kulia, aliniambia ninyamaze maana sina haki.

Kisha ikaja miezi mibaya. Tuliishi ua mmoja, tukichota maji katika pipa moja, na aliniita Mwalimu, yeye aliyekuwa ananiita mudogo wangu. Alinijulia hali, alinipa chumvi nilipoishiwa, na alifunga mlango wa mbele Jumamosi saa kumi. Kile kiatu alikitupa. Mlango ukawa unazuiwa na jiwe. Saidi alikwenda kumwomba radhi kwa niaba yetu na akarudi amepewa chai na hakuna zaidi. Deziré hakwenda. Nilimuuliza kwa nini, na akasema kwamba akienda atalazimika kusema kitu ambacho si radhi. Sikumwelewa. Nilikuwa na shughuli ya kujionea huruma, nikifikiri kwamba nimevunja kitu kwa wema wangu, na nilipenda sana neno hilo, wema. Miaka mingi imenichukua kukubali kwamba jioni ile nilijihurumia mimi. Sikutaka kuwa mtu aliyekaa juu ya vitenge na kuona uso wake.

Siku moja, mvua zimekwisha, Zawadi aligonga chumbani kwangu. Alikuwa ameshika Kitabu cha Tanuri, ambacho kilikuwa kimebaki kwake muda wote ule. "Utanifundisha Kifaransa," akasema, "mupaka nisome hiki miye mwenyewe. Tangu ukurasa wa kwanza. Na usinirahisishie." Tulianza jioni ile ile. Alijua herufi, kwa hiyo kazi ilikuwa ya maneno, na maneno aliyakamata kama anavyokamata kipimo cha kiuno, mara moja kwa siku zote. Aliyaandika kwa chaki ya kushonea juu ya meza ya kukatia nguo, na wateja walikuta "mkate", "theluji" na "daraja" kwa Kifaransa kati ya mistari ya suruali zao. Nilipotaka kumwambia maana ya sentensi nzima alinizuia kwa kidole. Kuna siku tulimaliza mistari mitatu tu. Kuna siku alikasirika akakitupa kitabu uani na kukifuata mwenyewe. Hatukusema neno juu ya Kabambare. Lakini jioni moja, amekwama kwenye neno, alisema, "Mudogo wangu, hili linasomwaje?" na nikalisoma, nikiwa nimekiinamia kitabu ili asione uso wangu.

Karibu na mwisho wa mwaka nilipata barua ya kuhamishiwa shule ya Kabambare. Zawadi aliposikia alisema kwamba basi Jumamosi kabla ya kuondoka kwangu tutakula, na akatuma watu kuwaita Saidi na Deziré. Walikuja wamevaa kama wanaokwenda harusini, na hawakujua wakae wapi. Alikuwa ametandika kitambaa kipya mezani. Kulikuwa na sombe, wali, na samaki mkubwa wa mto Lualaba, si wa moshi, ambaye sijui alimtoa wapi. Kabla ya kupakua alikaa kichwani pa meza, akafungua kitabu mahali pa mwisho, akaweka kidole chini ya mstari na kuanza kusoma kwa sauti. Alisoma polepole, akikata maneno mahali pasipostahili, Kifaransa chake kikiwa na mwendo wa nyimbo za kanisa. Karani akafungua daftari kubwa. Karani akalifunga. Mwanamke akalala chini ya kibanda cha wauza supu, asubuhi akashika njia. Akafika nyumbani, akatoa majivu ya zamani katika tanuri, akawasha moto. Ilichukua muda mrefu, na sombe ikapoa, na hakuna aliyesogea. Alipomaliza alifunga kitabu na kutuangalia, macho yake yamekauka, usoni amechoka kama mtu aliyebeba mzigo kutoka sokoni.

"Sasa," akasema, "nauliza tena. Na munijibu kama munajibu mutu mukubwa. Mwisho huu munaonaje?" Saidi alisema hakuupenda, kwamba mwandishi anayemtembeza mwanamke siku zote zile kwa bure hana huruma, na kwamba angekuwa yeye angemuweka hata mtu mmoja pale darajani wa kumpa kiti. Zawadi akasema hiyo ni kweli, kiti kilikosekana. Mimi nilisema kwamba niliposoma nilimwogopea yeye, Zawadi, kuliko mwanamke wa kitabu, na kwamba hilo ndilo kosa langu, maana kitabu nilikuwa sijakisoma hata kidogo. Aliitikia kwa kichwa. "Dokta?"

Deziré hakukohoa. "Miye nilipenda mwisho huu," akasema. "Tangu mara ya kwanza, kule porini."

"Sababu gani?"

"Sababu anarudi kwake, na hangojei mutu tena."

Zawadi alinyoosha kitambaa cha meza kwa kiganja. "Lakini ile posho ulisema mutu anaweza kukawia na bado akarudi. Niliona unasema na moyo yako yote."

"Nilisema. Niliona ile inakupa furaha."

"Na ulikuwa unataka arudi?"

"Hapana," Deziré akasema. "Kila siku nilikuwa naomba Mungu anisamehe, sababu nilikuwa sitaki."

Saidi aliangalia kuta, akaangalia dari, kisha akasema kwamba saa ya swala imekaribia, ingawa jua lilikuwa bado juu ya mapaa na sote tulikuwa tunaliona kupitia dirishani. Aliniomba nimsindikize. Nilisimama. Zawadi hakutuuliza tunakwenda wapi. Alikuwa anampakulia Deziré wali, kijiko baada ya kijiko, na Deziré hakuwa anasema inatosha. Tulipofika barabarani Saidi alinishika mkono, yeye ambaye hakuwahi kumshika mwanamke mkono hadharani, akasema, "Mwalimu, tusirudi." Chumba changu kilikuwa ndani ya ua ule na sikuwa na njia ya kukifikia bila kupita mbele ya meza. Kwa hiyo nilikwenda kwa Saidi, na mke wake, bila kuuliza maswali, akanipa sahani, na nilikaa pale nikila taratibu mpaka kila taa ya mtaa ikawashwa.